Muulize Mwalimu: Watoto wanaongezeka, kihamba hakizai

Toleo lililopita niliweka mistari mitatu tu kuhusu idadi ya watu. Nilisema sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120 wakati ile ya 2012 ilitukuta milioni 44.9, nikauliza hao karibu milioni 17 walioongezeka kwa miaka kumi wanakaa wapi, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa mpaka mhariri kanipigia, kaniambia mwalimu kurasa za leo zote zako, ulichokianzisha kimalize mwenyewe. Haya. Majina nimetoa na barua nyingine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne kuhusu jirani yake tu.

*Shikamoo mwalimu. Mimi mama wa watoto watatu naishi Mbagala. Mwanangu wa kati yuko darasa la tatu hajui kusoma, juzi nikaenda shule kuulizia nikakuta darasani watoto 160 mwalimu mmoja, wengine wamekaa chini wengine wamekaa dirishani kabisa, na hapo kuna wenzao wanaingia mchana. Mwalimu wake akaniambia mama mimi hata jina la mwanao silijui, usinione mbaya. Sasa nyie wasomi mkikaa mnasema tunazaa sana, hivi watatu ndo sana? Na kama elimu bure, hela inaenda wapi?*

Marahaba mama. Watatu sio wengi, na usikubali mtu akwambie msongamano wa lile darasa umeuleta wewe. Ngoja nikupe hesabu kidogo.

Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, maana yake kila watu 1000 mwaka unaofuata wako 1032. Inaonekana ndogo eeh? Ipeleke kwenye milioni 61, unapata karibu watu milioni mbili kwa mwaka. Sasa mkoa wa Pwani mzima, toka Bagamoyo mpaka Rufiji na Mafia yake, sensa iliukuta na watu milioni mbili na kidogo. Yani kila mwaka tunaongeza Pwani nyingine, na hiyo Pwani mpya inataka shule zake, zahanati zake, visima vyake, vitanda vya kujifungulia na walimu wake, na mwaka ukiisha inakuja nyingine. Kwa mwendo huo nchi inajirudia mara mbili kwa kama miaka 22, muda wa mtoto kuzaliwa mpaka kumaliza chuo. Ukiuliza hela inaenda wapi, kubwa inaenda kukimbiza hiyo Pwani. Ukijenga madarasa elfu hujapunguza msongamano, umeuzuia usizidi tu, alafu wananchi wanaona kama hamna kilichofanyika. (Sisemi hamna zinazoliwa. Zinaliwa, ila hiyo barua nyingine.)

Ada ya sekondari na michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016 wakaingia na wale waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa hela, na hilo jambo jema, mimi nimefundisha enzi za kurudisha watoto nyumbani kwa ajili ya ada nalikumbuka kwa aibu. Lakini ada unaweza kuifuta kwa karatasi, dawati huwezi kulileta kwa karatasi. Na kinachoniuma mimi ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza hatokei ghafla kama mvua ya kiangazi, alizaliwa miaka sita nyuma, kadi yake ya kliniki ipo, alichanjwa, alipimwa uzito, mjumbe anamjua, kila mtu alijua anakuja isipokuwa dawati.

Sasa kwanini watoto wamekuwa wengi hivi wakati wewe una watatu na mama yako pengine alikuwa na nane? Hapa watu wengi wanakosea. Mwaka 1988 nilikuwa karani wa sensa huko Ukerewe, fomu ilikuwa inauliza mama umezaa watoto wangapi, na kuna mama mmoja anatwanga hapo uani aliacha mchi akaniuliza, unataka wa duniani au wote? Nikamwambia wote. Akahesabu kwa vidole akafika tisa. Nikauliza wa duniani, akasema watano, akaendelea kutwanga. Hayo ndo yalikuwa maisha, mtu anazaa tisa ili abaki na watano. Utafiti wa afya wa 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1000 wanakufa kabla ya kufika miaka mitano, ule wa 2022 ukakuta wamebaki 43. Chanjo, vyandarua, dawa ya malaria inayofanya kazi. Vifo vimeshuka haraka, uzazi umeshuka polepole, na hilo pengo lililopo katikati ndo limekaa dirishani kwenye darasa la mwanao.

La kufanya sasaivi: usisubiri dawati. Dakika ishirini kila jioni, silabi kwa silabi, hata kwenye gazeti lililofungia vitumbua. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda, usiulize lini mtajenga, uliza watoto wangapi wa mtaa huu wanatimiza miaka sita mwaka kesho, wakajibu kwa namba. Utaona wanavyoangaliana.

*Mwalimu kwema? Niko Rombo, Kilimanjaro. Baba ana kihamba (shamba la ukoo) cha ekari moja na robo, tuko wanaume wanne na dada wawili. Mzee amezeeka anataka kugawa. Kaka mkubwa anadai kwa mila yeye na kitindamimba ndo wenye chao, sisi wa katikati tukatafute. Tutafute wapi? Kahawa yenyewe imezeeka kama mzee. Nishauri kabla hatujachinjana.*

Pole mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu maana humo ndo mambo yote yako.

Tuanze na kipimo. Ekari moja na robo ukiigawa sita kila mmoja anapata kama mita 29 kwa 29. Toa nyumba, toa banda la ng'ombe, toa choo, toa njia ya kupita, toa yalipolala makaburi ya babu na bibi maana hapo hamtalima. Kilichobaki unapanda migomba mingapi? Hiyo sio shamba tena, ni uwanja. Na watoto wako wewe ukiwagawia, watapata kila mmoja mahali pa kuegesha bodaboda.

Mila anayosema kaka yako kweli ipo, mkubwa anapewa chake na wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi. Lakini muulize, ile mila ilikuwa inawapeleka wapi wa katikati? Ilikuwa inawapeleka mbele, kulikuwa na mlima mtupu, mtu anafyeka, anachimba mfereji wa maji wake na wenzake, anapanda migomba, anaanzisha kihamba kipya. Mlima ulipojaa wakashuka tambarare. Tambarare ilipojaa wakapanda basi. Angalia sensa, Kilimanjaro kati ya 2012 na 2022 iliongezeka asilimia 1.3 tu kwa mwaka wakati nchi nzima ni 3.2, mtu wa haraka atasema Wachaga wameacha kuzaa. Uzazi umepungua ndiyo, lakini wengi wameondoka. Ukitaka kuiona presha ya ardhi ya Kilimanjaro usipande Rombo, nenda stendi ya Mbezi hapa Dar tarehe 22 Disemba uone mlivyosukumana kwenye mabasi kurudi kula Krismasi kwenye kile kihamba ambacho hakikuwatosha.

Sasa nikuhadithie kisiwa kimoja. Ukara, kiko Ziwa Victoria kaskazini mwa Ukerewe, ndo kile ambacho kivuko cha MV Nyerere kilizama kikikaribia 2018, Mungu awarehemu. Ni kidogo sana, kama kilometa za mraba 80, na kimebanana watu toka enzi za Mjerumani. Wakara walishafika huko tunakoenda sisi zamani, kwahiyo ukitaka kujua ardhi ikiisha watu wanafanyaje unawauliza wao. Nilikaa huko kidogo nikaona. Ng'ombe hachungwi hovyo, analala ndani kwenye shimo lililochimbwa chini ya usawa wa sakafu, majani wanamletea humo humo, anakula anakanyaga, samadi inajaa mpaka anainuka nayo, alafu inatolewa kwa vikapu kichwani inaenda shambani, kila tonge lake linajulikana. Kwenye uwele wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ili wafukie kuwa mbolea. Miti ina wenyewe, majani ya ng'ombe yana mwenyewe, pembezoni mwa ziwa wanayalima kama zao. Mwenzangu mmoja alikata tawi la mti njiani afukuzie nzi, tulikaa kwa mzee wa kijiji saa nzima. Wakulima hodari kuliko wote niliowahi kuona, na wanafanya kazi mpaka unawaonea huruma.

Lakini pamoja na uhodari wote ule Ukara haikuweza kubeba kila aliyezaliwa. Kizazi baada ya kizazi vijana walivuka maji wakaenda Ukerewe, Sengerema, Geita. Siri ya Ukara ilikuwa samadi na mtumbwi, vyote viwili. Na sasa huko Geita walikokuwa wanakimbilia, sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 1.7, ya 2022 ikakuta karibu milioni tatu. Kwahiyo nako unaona kunaelekea wapi.

Ushauri wangu kwenu ni huu, msigawe udongo. Kaeni na mzee akiwa bado anasikia, kihamba kibaki kizima chini ya mmoja au wawili ambao kweli watakaa walime, wang'oe kahawa iliyozeeka, waweke ng'ombe wa maziwa wa ndani, mboga, parachichi, na wengine mfidiwe taratibu kwa hela au kwa kusomeshewa watoto, iandikwe, isainiwe mbele ya serikali ya kijiji, na haki ya kuzikwa hapo iandikwe pia maana najua hiyo ndo itakayoleta ngumi. Na dada zenu nimeona umewataja mwishoni kama chumvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Mwambie kaka, kwa upole.

*Sasa mwalimu. Mimi ni msomaji wenu kutoka Vihiga, Kenya. Nyinyi Watanzania mnalia nini na mko na nchi kubwa hivyo? Huku shamba ya babu imekatwa katwa mpaka imebaki ya kuzika pekee. Si mtupimie kidogo basi.*

Karibu sana jirani. Vihiga naijua kwa namba, sensa yenu ya 2019 ilihesabu watu 1,047 kwa kila kilometa ya mraba, na bado kuna mtu ana ng'ombe na nduma (magimbi) hapo hapo, kwahiyo nakuheshimu.

Ukubwa wa nchi yetu ni kweli, kilometa za mraba 945,000 pamoja na maziwa. Ila huwezi kulima ziwa. Toa mbuga na hifadhi, ambazo watalii wenu na wetu wanazipenda, toa kati kule Dodoma na Singida ambako mvua ikinyesha vizuri miaka miwili mfululizo watu wanashangaa. Kinachobaki ndo wakulima na wafugaji wanagombania. Wasukuma wametembea na ng'ombe wao toka Shinyanga mpaka Rukwa, mpaka Mbeya, mpaka Lindi, hawatembei kwa kupenda kutembea, nyuma yao malisho yameisha. Kilosa na Kiteto watu wameuana kwa ajili ya malisho na mashamba. Kwahiyo ramani ni kubwa ila mahali penye udongo, mvua na barabara kwa pamoja tumebanana vilevile.

Nyinyi mlichotuzidi ni kingine. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa uzazi 1967, wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara, na kwa miaka mingi ukaonekana kama umegoma, mwishoni mwa miaka ya 70 mama wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto nane, mlikuwa mnaongoza dunia karibu. Utafiti wenu wa 2022 ukakuta 3.4. Sisi utafiti wa 2022 ulitukuta na 4.8, mjini 3.6 na vijijini 5.5. Na ninyi hamkupigwa viboko wala hamkutungiwa sheria, mabinti walisoma, ada za shule zilikuwa kali mpaka mzazi anafikiria mara mbili, na mashamba ndo hayo uliyonieleza.

*Mwalimu mbona tunazunguka, si tuige China tu, mtoto mmoja basi.*

China walianza 1980, wakalegeza 2016 kuwa wawili, 2021 wakaruhusu watatu, na 2022 watu wao wakaanza kupungua na sasa wanawabembeleza vijana wazae. Soma tena jibu nililompa Mkenya hapo juu.

*Mwalimu naomba unifichie jina. Mke wangu kajifungua ana mtoto wa miezi minne, nimegundua ameweka kijiti mkononi bila kuniambia. Kijiweni wananiambia hapo kizazi ndo basi, na kwamba hizo dawa wazungu wametuletea tuishe. Nimekasirika sana. Nafanyaje?*

Kwanza kasirika kwa kutoambiwa, hilo una haki nalo, alafu jiulize kwanini hakukuambia. Pengine alishakusikia unavyoongea ukitoka kijiweni.

Kijiti hakiui kizazi. Kinakaa miaka mitatu au mitano inategemea aina, kikitolewa anaweza kushika mimba mapema tu. Sindano ndo inaweza kuchelewesha, baada ya kuacha inaweza kupita miezi kadhaa mpaka karibu mwaka, na hapo ndo maneno ya kijiweni yalipoanzia, mtu akaona jirani kachelewa akatangaza kaharibika. Baadhi ya wanawake wanapata damu isiyoeleweka au kichwa kuuma, akiona hivyo arudi kliniki wabadilishe njia, zipo nyingi, hata kitanzi hakina homoni kama atachagua kile cha shaba. Wataalamu wanashauri mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, kwahiyo huyo mkeo anachofanya anamlinda huyo mtoto wa miezi minne aliye mgongoni.

Kuhusu wazungu kutumaliza, ndugu yangu, mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Sensa ya 2022 ikatukuta milioni 61. Kama walitaka tuishe basi wameshindwa vibaya sana.

Nenda naye kliniki siku nyingine, kaa kwenye lile benchi na akina mama, utaangaliwa kidogo alafu watakuzoea.

*Mzee shikamoo. Nimenunua kiwanja Mkuranga milioni nne, nasikia Dar watu wamepungua kasi, je bei itashuka nimeliwa?*

Marahaba. Hujaliwa. Ni kweli kwenye karatasi Dar imepunguza kasi, 2002 mpaka 2012 ilikuwa inakua zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, miaka kumi iliyofuata ikawa 2.1, sensa ya 2022 ikatukuta watu milioni 5.38. Lakini angalia Pwani, toka milioni 1.1 mpaka milioni 2 kwa miaka hiyo hiyo kumi. Watu hawajaacha kuja Dar, wamevuka mpaka wa mkoa tu, wanalala Mkuranga na Kibaha na Kisarawe, wanaamka saa kumi usiku kugombania gari la Kariakoo. Wewe ni mmoja wao. Ninachokuomba, kabla hujaweka msingi uliza wazee wa pale maji ya mvua yanapita wapi. Wasiulizwe madalali. Bonde la Msimbazi nako waliuziwa viwanja kiangazi.

*Swali fupi. Mwalimu unaongea sana kuhusu uzazi, wewe mwenyewe una watoto wangapi?*

Nilijua litakuja. Mama yangu alizaa kumi na mmoja akazika wanne, tukabaki saba. Mimi na marehemu mke wangu tulipata sita, wote wapo, na wakati huo nilijiona nimejibana sana kulinganisha na wenzangu ofisini. Kati ya hao sita hakuna aliyevuka watoto watatu, binti yangu nesi ana wawili ameshatangaza amefunga, na nikimtania ananijibu baba wewe ulikuwa unalipia ada shilingi ngapi? Wajukuu mpaka naandika hapa ni 13, na mke wa kitindamimba ni mjamzito.